Mitumba ya Jeshi kwa Bei ya Jumla: Tathmini ya Mauzo ya Baada ya Vita, kutoka Slough hadi Kongwa

Kama kilivyo, mahali kilipo. Maneno hayo manne yamebeba karibu mkataba mzima wa mali ya ziada ya jeshi, na mnunuzi asiyeyapima vizuri atayalipia baadaye. Muuzaji hasemi kwamba injini inawaka. Hasemi kwamba sanduku lililoandikwa "pampu za dizeli" lina pampu za dizeli. Hakufikishii mzigo bandarini, harudishi fedha, na hati ya makabidhiano ikishasainiwa, hata ulinzi wa usiku ni juu yako.

Huduma inayopimwa hapa ni ile iliyoendeshwa na serikali baada ya vita kuu mbili za dunia: kuuza malori, ndege, matrekta, mahema na mabati yaliyobaki maghalani, na kuingiza thamani yake katika hesabu za madeni ya vita. Tunaipima kwa jicho la mnunuzi: anapata nini, kwa masharti gani, na kinachoharibika ni nini. Afrika Mashariki ina haki ya kuuliza maswali hayo, kwa sababu moja ya manunuzi mabaya kuliko yote ya aina hii yaliishia Kongwa, Tanganyika.

Kwa ufupi, kwa anayesoma huku yuko njiani: mali hii inamfaa mwenye karakana, mafundi, uwanja mkubwa na subira. Haimfai mwenye kazi inayotakiwa kuanza Jumatatu asubuhi.

Muuzaji anataka nini

Bei yake inatoka hapo. Jeshi lililomaliza vita halitafuti faida, linatafuta kuondoka. Kila ghala linahitaji walinzi, na kila mlinzi ni askari anayetaka kurudi kwao. Januari 1946 askari wa Marekani waliandamana Manila kwa maelfu wakidai warudishwe nyumbani. Huku wakingoja, mipira inapasuka kwa jua, betri zinakufa, chuma kinashika kutu, na gharama ya ulinzi inakula thamani ya mzigo mwezi hadi mwezi. Kuurudisha mzigo nyumbani nako ni kulipia meli ili ukashushe bei ya bidhaa za viwanda vyako mwenyewe. Ndiyo maana muuzaji hupenda kuuza rundo zima kwa mteja mmoja, na mteja mwenye ubavu wa kununua rundo zima huwa ni serikali ya nchi ambamo rundo limelala.

Ufaransa ya 1919 ni mfano mzuri. Jeshi la Marekani lilikuwa limejenga huko magati, reli, maghala na hospitali, na limeyajaza vitu. Serikali ya Ufaransa ilishikilia kwamba chochote kitakachouzwa rejareja kwa raia wake kilipiwe ushuru wa forodha, na hapo biashara ya kipande kimoja kimoja ikakosa maana. Agosti mwaka huo mzigo wote ulichukuliwa na serikali hiyo kwa dola milioni 400. Hazikutoka fedha taslimu. Zilitoka hati za mkopo wa miaka 10 kwa riba ya asilimia 5.

Mnunuzi alifanya vizuri sana. Alipata mzigo leo, na bei akaisogeza mbele miaka 10. Tarehe ya kulipa ilikuwa 1 Agosti 1929. Ilipokaribia, mwezi Julai, bunge la Ufaransa likaridhia makubaliano ya 1926 yaliyolitia deni hili ndani ya deni kubwa la vita, la kulipwa kwa miaka 62. Desemba 1932 malipo yakasimama kabisa. Mnunuzi anastahili alama 4 kati ya 5, muuzaji 1: aliuza kwa mkopo mali inayochakaa, bila dhamana, kwa mteja ambaye tayari alikuwa anamdai.

Baada ya vita ya pili Marekani ilikuja imejipanga zaidi. Ilikuwa na Sheria ya Mali ya Ziada ya 1944, na ofisi maalumu chini ya wizara ya mambo ya nje kwa ajili ya mali iliyobaki ng'ambo. Mteja mkubwa alikuwa Uingereza. Makubaliano ya 6 Desemba 1945 yalifunga hesabu ya misaada ya vita kwa dola milioni 650: milioni 532 kwa mali ya ziada, majengo ya kijeshi na madai ya pande zote mbili, na milioni 118 kwa bidhaa zilizokuwa zimo njiani vita vilipokwisha. Sehemu kubwa ya vifaa vilivyotumika vitani ilifutwa. Juu ya hapo kulikuwa na mkopo wa dola bilioni 3.75. Riba asilimia 2, marejesho ya mwaka 50, kuanzia mwisho wa 1951.

Kwa riba hiyo ni vigumu kulaumu bei. Kasoro iko kwenye muda. Lori la jeshi lililokwisha kupigwa barabara za vita lina maisha ya miaka michache tu. Mkopo huu uliahirishwa mara sita, na rejesho la mwisho lililipwa mwisho wa Desemba 2006, miaka 61 baada ya sahihi. Anayenunua mali chakavu kwa mkopo ahakikishe mkopo unakwisha kabla ya chombo. Serikali kubwa inaweza kuvumilia kinyume chake. Halmashauri au chama cha ushirika hakiwezi.

Sharti jingine la mkopo ule lilikuwa zito kuliko riba. Uingereza ilitakiwa iruhusu pauni kubadilishwa kuwa dola ndani ya mwaka mmoja. Iliruhusu 15 Julai 1947, dola zikakimbia, na 20 Agosti mlango ukafungwa. Tangu hapo mashine mpya ya Marekani ikawa kitu cha anasa kwa mradi wowote wa Kiingereza. Kongwa itarudi kwenye jambo hili.

Katika njia zote za kulipia, iliyo bora kwa nchi isiyo na dola ni ile ya 1946. Tarehe 1 Agosti mwaka huo Rais Truman wa Marekani alisaini marekebisho yaliyopendekezwa na Seneta J. William Fulbright: nchi inayodaiwa kwa mali ya ziada iliweza kulipa kwa fedha yake yenyewe, na fedha hiyo, hadi dola milioni 20 kwa nchi moja, ikatumika kwa masomo na safari za wanafunzi na walimu. Wasomi wetu wengi wanaolijua jina la Fulbright kwa sababu ya ufadhili hawajui kwamba mwanzo wake ni malori na mabati yaliyobaki vitani. Mkataba wa kwanza ulisainiwa na China, Novemba 1947. Marekani ilitumia pia madai ya aina hiyo kupata majengo ya balozi zake. Alama 5. Deni linalolipwa kwa fedha ya nyumbani halimlazimishi mtu kuuza pamba au kahawa ili kulipia vyuma vilivyokwisha kuoza.

Walionunua vizuri: Slough na Waddon

Mwaka 1920 serikali ya Uingereza iliuza bohari yake ya kutengeneza magari ya jeshi huko Slough, magharibi mwa London, kwa zaidi ya pauni milioni 7. Ukitazama haraka utadhani wanunuzi walinunua malori. Walinunua karakana. Pamoja na maelfu ya magari na pikipiki walipata majengo, mashine za kuchongea, stoo za spea, njia ya reli ndani ya uwanja, na mafundi wa kuajiri jirani. Gari bovu liliingia upande mmoja likatoka zima upande wa pili, likauzwa kama gari lililokarabatiwa. Magari yalipoelekea kwisha, ardhi na majengo vikakodishwa kwa viwanda, na hadi leo Slough ni eneo la viwanda.

Mpangilio huo ndio wa kuiga. Uliza kila mara kama karakana iliyokuwa inahudumia mzigo iko ndani ya bei. Vifaa maalumu vya kufungulia, vitabu vya spea na vya matengenezo, kadi za historia ya kila gari: muuzaji huviona karatasi na vyuma vidogo, akavichoma au kuvitupa wakati wa kufunga kambi. Vikiorodheshwa ndani ya zabuni kabla ya sahihi, vinakuja bure. Vikisahauliwa, kila boliti itakuwa utafiti.

Mwaka huohuo, huko Waddon karibu na Croydon, Kampuni ya Aircraft Disposal ilichukua ndege zote za ziada: karibu ndege 10,000 na injini zaidi ya 30,000. Ilitoa pauni milioni 1, na serikali ikabaki na haki ya nusu ya faida. Huu ni mkataba safi kuliko ule wa Ufaransa. Bei ya mwanzo iko chini, mnunuzi hazami ikiwa soko ni bovu, na muuzaji haachi fedha mezani soko likipanda. Unadai kitu kimoja tu: vitabu vya hesabu vinavyokaguliwa na mtu wa tatu. Bila hivyo "nusu ya faida" ni maneno matupu.

Waddon inafundisha pia jinsi spea za ziada zinavyoweza kuwa bidhaa mpya, na mahali njia hiyo inapokatikia. Katika stoo kulikuwa na injini nyingi za Renault zenye silinda 8 zilizopangwa umbo la V. Mhandisi Frank Halford alichukua silinda na vipande vya upande mmoja, akavifunga kwenye kasha jipya, akapata injini ya silinda 4 iliyopozwa kwa hewa, yenye nguvu za farasi 60. Ikaitwa Cirrus. Ndege ndogo ya de Havilland Moth iliyoruka kwa mara ya kwanza Februari 1925 iliitegemea. Ilikuwa nyepesi, ya bei nafuu, na ikaifanya Moth kuwa ndege ya watu wa kawaida.

Kisha injini za Renault zikaelekea kwisha. Kila Moth iliyouzwa ilipunguza stoo ambayo hakuna kiwanda kilichokuwa kinaijaza. De Havilland ikalazimika kumwomba Halford injini mpya kabisa, nayo ikawa Gipsy. Aliyejenga biashara juu ya mali ya ziada ahesabu tangu siku ya kwanza: vipande vilivyopo, gawanya kwa matumizi ya mwezi. Jibu ni idadi ya miezi aliyonayo ya kutafuta chanzo kingine.

Vitu visivyo na injini

Hapa si pa kukaa sana, maana ni eneo salama. Madumu ya chuma ya lita 20, yale ya muundo wa Kijerumani ulioigwa na Waingereza na Wamarekani, yenye vishikio vitatu ili watu wawili wabebe moja au mmoja abebe mawili matupu kwa mkono: nusa ndani, tazama kutu kwa tochi, kagua mpira wa kifuniko, nunua. Mabati ya viwanja vya ndege yenye matundu, urefu mita 3, upana sentimita 38, uzito wa takriban kilo 30 kila moja: yanafaa uzio, daraja la mtaro, na kukwamua lori mchangani, usinunue yaliyopinda kwenye ndoano za pembeni, hayashikani tena. Beringi zilizofungwa kwenye karatasi ya mafuta: fungua sanduku moja kati ya kila 20, na ukikuta madoa ya kahawia kwenye gololi, punguza bei ya fungu zima. Mahema: kunja turubai kwa vidole, likilia na kuacha vumbi, limeoza.

Mauzo yaliyokufa: Luganville

Luganville, kisiwani Espiritu Santo, katika nchi ambayo leo ni Vanuatu, Marekani ilikuwa na kambi kubwa sana ya vita vya Pasifiki. Vita vilipokwisha mzigo ulitolewa kwa bei ya kutupa kwa serikali ya kikoloni iliyoendeshwa na Uingereza na Ufaransa kwa pamoja. Wao wakangoja. Walihesabu kwamba Wamarekani wataondoka na vitu vitabaki bure. Wanajeshi wa ujenzi wakatengeneza njia ya kuteremkia majini na kusukuma baharini malori, matingatinga, winchi na makreti. Mahali hapo panaitwa Ncha ya Dola Milioni. Wapiga mbizi wanaenda kuangalia malori chini ya maji.

Hesabu ya wangojaji haikuwa ya kijinga. Ilikosa kipande kimoja. Muuzaji akikiacha kitu bure, mteja wa bandari inayofuata hatalipa tena. Kuharibu ni njia ya kulinda bei ya rundo jingine. Katika mali ya ziada, punguzo lina ukomo: likishuka chini ya gharama ya kuteketeza, muuzaji anateketeza. Wenyeji wa kisiwa, waliofanya kazi katika kambi hiyo na ambao malori na mabati yale yangewafaa kuliko mtu yeyote, hawakuulizwa na upande wowote. Kwa huduma hii alama ni 0.

Kongwa: matrekta ya Ufilipino na kifaru kilichogeuzwa jembe

Mradi wa serikali ya Uingereza wa kulima karanga Tanganyika ulianza 1947. Lengo lilikuwa ekari zaidi ya milioni 3, ekari 150,000 kati ya hizo zilimwe Kongwa mwaka wa kwanza. Pori la miiba na mibuyu lilitakiwa kufyekwa kwa mashine. Mashine mpya hazikuwapo: viwanda vilikuwa na foleni ndefu ya wateja, na dola zilikuwa haba kwa sababu zilizokwisha kuelezwa. Wanunuzi wakaenda kwenye mali ya ziada. Matrekta ya minyororo ya jeshi la Marekani yalipatikana Ufilipino. Na kampuni ya Vickers-Armstrongs ikageuza vifaru vya Sherman kuwa matrekta, yakaitwa Shervick.

Tuanze na matrekta ya minyororo, maana aina hii bado inauzwa minadani sehemu nyingi. Katapila D7 na D8 za wakati ule ni mashine imara kuliko karibu chochote kilichotoka vitani. Lakini ni imara zikifanya kazi. Zikikaa mvuani mwaka mmoja au miwili, huharibika mahali ambapo macho hayafiki, na ukaguzi una mpangilio wake.

Kabla ya kuwasha chochote, legeza plagi ya chini ya injini na uache oili idondoke kidogo. Maji ni mazito kuliko oili, hivyo hutoka kwanza. Matone machache ni unyevu wa kawaida. Kikombe kizima ni mvua iliyoingia kwa bomba la moshi au kichwa kilichopasuka. Oili nyeupe kama maziwa maana yake injini iliendeshwa na maji ndani, na beringi zake zimeumia.

Kisha injini ndogo. Mashine hizi hazikuwashwa kama gari. Zina injini ya petroli ya silinda mbili inayowashwa kwa mkono, nayo ndiyo huzungusha ile kubwa ya dizeli na kuipasha moto. Magneto yake, kifaa kinachotoa cheche ya kuwashia, haipendi unyevu wa bahari. Ikifa, una tani nyingi za chuma zisizowaka kwa sababu ya kipande kinachoingia mfukoni. Mnunuzi wa matrekta 50 adai magneto za akiba zisizopungua 10 ndani ya bei ileile.

Halafu klachi za usukani, na hapa ndipo wengi huumia. Kila upande una klachi yake kavu. Ukivuta mkono wa kushoto, mnyororo wa kushoto unakosa nguvu na mashine inageukia huko. Mashine iliyosimama muda mrefu mvuani hushika kutu kati ya sahani za klachi, zikagandamana. Injini itawaka vizuri, mashine itakwenda mbele na nyuma, muuzaji atatabasamu, lakini haitageuka. Jaribu kwenye gia ya kwanza, vuta mkono mmoja baada ya mwingine, na uone upande husika unalegea kweli. Ukikataa kulegea, andaa kubomoa nyuma yote ya mashine.

Mwisho minyororo. Sehemu ya chini hula karibu nusu ya fedha za matengenezo ya trekta la minyororo. Tazama meno ya gurudumu la kuvutia: yakichongoka kama jino la papa, pini na bushi zimekwisha. Kama zimeliwa upande mmoja tu, pini na bushi huweza kugeuzwa nusu mzunguko zikapata maisha ya pili, na hiyo ni hoja ya kupunguza bei, si ya kukataa. Nakili namba ya injini na ya fremu. Zikitofautiana na zile za kitabu, mashine imeunganishwa kutoka kwa mbili, na spea utakazoagiza kwa namba moja hazitaingia nyingine.

Kwa matrekta ya Kongwa, hata ukaguzi kamili usingetosha. Mzigo ulishuka Dar es Salaam, bandari iliyokuwa ndogo kwa kazi hiyo, ukategemea reli moja kwenda bara, na mafuriko ya mto Kinyasungwe yakaikata. Mashine zilifika kabla ya karakana. Udongo wa Kongwa una chembe ngumu za mchanga zinazosaga pini, rola na sahani za jembe kama tupa, na baada ya mvua kukatika hukauka ukawa kama saruji. Mizizi ya mibuyu ilipinda mabapa ya matingatinga. Madereva wengi walifundishwa harakaharaka. Kabla mwaka 1947 haujaisha, theluthi mbili ya matrekta yalikuwa hayafanyi kazi.

Ikumbukwe kwamba njia bora ya kufyeka iliyopatikana ilitokana na mali ya melini: mnyororo mzito wa nanga ukafungwa kati ya matrekta mawili yanayokwenda sambamba, ukaangusha miti, na la tatu likafuata nyuma kusukuma miti iliyogoma. Ni mbinu nzuri kweli. Inadai tu kwamba matrekta matatu yawe mazima kwa wakati mmoja.

Sasa Shervick. Wazo linavutia mezani: kifaru ni chombo cha minyororo, kina nguvu nyingi, vita vimekwisha, kiondolewe kibanda cha mzinga na mabamba ya juu, kifungwe ndoano ya kuvutia. Hitilafu zimo ndani ya muundo wenyewe wa Sherman, na fundi yeyote wa matrekta angezitaja kabla ya senti moja kutoka.

Ya kwanza ni mwendo. Sherman ilitengenezwa ikimbie barabarani hadi karibu kilomita 40 kwa saa. Trekta la kung'oa visiki hufanya kazi kwa kilomita 3 au 4 kwa saa, siku nzima, likivuta kwa nguvu zote. Giaboksi ya kifaru haikupangwa kwa kazi hiyo. Inachemka, nayo injini inazungushwa nje ya mahali inapofaa.

Ya pili ni kugeuka. Usukani wa Sherman hauachii mnyororo mmoja kama Katapila; minyororo yote miwili huendelea kuvuta, mmoja ukipunguzwa kwa breki zilizomo ndani ya oili. Kifaru hakiwezi kugeuka papo kilipo. Kinahitaji duara la kipenyo cha karibu mita 19. Barabarani si tatizo. Katikati ya visiki, ambako dereva anageuka kila dakika, ni maneva ya kwenda mbele na nyuma bila mwisho, na breki zinaliwa.

Ya tatu ni spea. Watu husema "injini ya Sherman" kama vile ni moja. Kuna ya ndege iliyofungwa kama duara kutoka Continental, kuna dizeli mbili za General Motors zilizounganishwa, kuna ya Ford yenye silinda 8, kuna ya Chrysler yenye silinda 30 iliyotokana na injini tano za gari. Stoo inayohudumia zaidi ya aina moja ni stoo isiyohudumia hata moja. Mnunuzi wa vifaru vya kugeuza achague aina moja ya injini na akatae nyingine zote, hata zikiwa bure.

Ya nne, magurudumu ya kuvutia na giaboksi viko mbele ya kifaru. Ndiko mashina na visiki vinakopiga kwanza.

Matokeo ya mradi yanajulikana. Zao la kwanza la Kongwa lilipandwa kwenye ekari takriban 7,500. Januari 1951 mradi ulifutwa, hasara ikiwa karibu pauni milioni 36. Mashine za ziada si sababu pekee. Mvua na udongo vilichangia pakubwa, na mpango wenyewe ulifanywa kwa haraka isiyo na staha kwa ardhi wala kwa Wagogo walioijua ardhi hiyo. Ila mashine ndizo zilizoamua kwamba hata majira ya kwanza yasifikiwe. Alama 1 kwa matrekta ya Ufilipino, na hiyo ni kwa sababu yangeweza kutengenezeka. Shervick haipati.

Jinsi ya kupanga bei kabla ya kutoa zabuni

Tuchukue mfano wa fungu la matrekta 30, kwa hesabu ya kubuni ili kuonyesha njia. Kagua yote kwa mpangilio uliotajwa. Yagawe makundi matatu: yanayofanya kazi leo, yanayotengenezeka, na ya kuchinjwa kwa spea. Kwa mzigo uliolala nje miaka miwili, usishangae ukipata 8, 12 na 10. Kundi la kwanza lipe bei ya mashine kuukuu. Kundi la pili lipe bei hiyo ukitoa matengenezo yote, pamoja na mshahara wa mafundi kwa miezi ambayo mashine haitaingiza kitu. Kundi la tatu lipe bei ya chuma chakavu kwa tani, hata kama ndani yake kuna rola na magneto nzuri. Hizo ndizo faida yako na ndizo zitakazoliweka hai kundi la pili.

Toa usafirishaji, winchi, ushuru na ulinzi. Kinachobaki ndicho kiwango chako cha juu, na mara nyingi kinatisha kwa udogo. Andika hichohicho. Muuzaji wa mali ya jeshi amezoea kupokea sehemu ndogo sana ya bei aliyonunulia. Asipokubali, rudi baada ya msimu mmoja wa mvua ukague upya.

Kwenye mkataba ongeza mambo manne ambayo muuzaji huyatoa kirahisi kabla ya sahihi na hayatoi kabisa baada yake: vitabu na vifaa maalumu vya kufungulia, haki ya kuufanyia majaribio mzigo wote badala ya sampuli moja aliyoichagua yeye, miezi mitatu ya kuuhifadhi hapo ulipo bila kodi, na namba ya kila mashine iandikwe kwenye hati ya makabidhiano, ili ile iliyokaguliwa ndiyo ipakiwe.

Mkulima anayehitaji trekta moja asiingie kwenye mauzo haya. Angoje mwenye karakana anunue fungu, ayachinje 10, ayafufue 12, kisha amuuzie moja lililowashwa mbele ya macho yake, klachi zote mbili zikilegea.